Ngozi ya Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilifundisha fizikia na baiolojia katika sekondari za Mtwara hadi nilipostaafu, na bado nashikwa njiani. Mwanafunzi ananikamata kwenye kivuko cha Msangamkuu, mkulima ananikamata mnadani msimu wa korosho, na jirani yangu wa Mikindani haniachi nimalize kahawa barazani. Maswali yao mengi yanazunguka jambo moja: kinachotokea pale maji yanapokutana na hewa. Nimeyaandika hapa ili siku nyingine nimwambie mtu, "Nenda kasome, halafu tuendelee." Sikuyapanga kwa ugumu wala kwa urahisi. Yamekaa kama yanavyokuja.

Mvutano wa uso ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Asubuhi ya masika pita kwenye magimbi kabla jua halijapanda. Matone juu ya majani hayajatandaa. Yamejikunyata, kila moja kama ushanga, na ukitikisa jani yanabingirika hadi chini na kuliacha kavu. Sababu ni kwamba molekuli za maji zinashikana sana. Iliyo katikati ya tone inavutwa na wenzake pande zote, kwa hiyo haielemei popote. Iliyo juu kabisa ina wenzake chini na pembeni tu, huku kichwani pake ni hewa, basi inavutwa kuingia ndani. Matokeo yake tone zima linajibana ili uso wake uwe mdogo kadiri inavyowezekana, na umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo uleule ni tufe. (Jani la mgimbi nalo lina nta na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ndiyo maana maji hayapati pa kushika.)

Nguvu hiyo inapimika. Kwa maji safi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni milinewtoni 72.8 kwa kila mita. Piga picha ya mstari wenye urefu wa mita moja juu ya maji: upande wa kushoto na wa kulia wa mstari huo vinavutana kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu saba na kidogo. Si nyingi, lakini kwa kiumbe mwenye uzito wa miligramu kumi ni mali nyingi mno. Spiriti ina 22 hivi, mafuta ya kupikia yanazunguka 32, na zebaki inapita 480, ndiyo maana zebaki ya kipimajoto kikivunjika inakimbia sakafuni kama gololi. (Usiishike kwa mkono.)

Kwa hiyo maji yana ngozi kweli?

Hapana, ingawa hata mimi nimelitumia neno hilo kwenye kichwa cha habari. Maziwa yakichemka yanafanya utando, na utando huo unaweza kuuinua kwa kijiko. Juu ya maji safi hakuna kitu cha kuinua, ni maji yaleyale. Tena mpira ukiuvuta unazidi kukaza, lakini uso wa maji ukiupanua nguvu yake haiongezeki. Vitabu vinavyosema "kama mpira uliotandazwa" vinasaidia kwa dakika tano za kwanza, kisha vinapotosha.

Salfa ni nzito kuliko maji. Mbona inaelea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na huku kwetu ni rahisi kulijibu kwa macho, maana nyumba yenye mikorosho haikosi salfa. Mikorosho inapochanua, kuanzia Juni na kuendelea, unga huo wa njano hupulizwa alfajiri, wakati upepo umetulia na majani bado yana umande, ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho.

Salfa ina uzito unaozidi kidogo mara mbili ya maji ya ujazo uleule. Kwa haki yake ingezama. Sasa chukua bakuli la maji safi, toka nalo nje, nyunyiza salfa kidogo kwa ncha za vidole. Inatanda juu, kavu kabisa. Ipulize polepole, inasogea kama vumbi sakafuni. Maji hayailowanishi salfa, kwa hiyo chini ya kila punje uso wa maji unabonyea tu bila kupasuka, na uso uliobonyea unaisukuma punje juu.

Chovya kidole kwenye sabuni ya maji, gusa katikati ya bakuli. Salfa yote inakimbilia ukingoni kwa mpigo mmoja na katikati panabaki peupe. Watoto hupiga kelele hapo, na kila mara kuna mmoja anayedhani nimeficha sumaku. Ukiongeza sabuni na kukoroga kidogo, punje zinaanza kushuka, moja hapa, tatu pale, hadi njano yote inalala chini ya bakuli. Nimefanya jaribio hili pengine mara mia na bado nainama kutazama.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikimwagwa majini zinapanda juu na kujipanga vichwa chini, mikia hewani. Pale zilipojipanga mvutano unashuka kutoka 72 hadi 30 hivi. Katikati ya bakuli pamelegea, pembeni bado pamekaza, kwa hiyo pembeni panavuta na salfa inabebwa. Sabuni ikienea kote, punje zinalowana na hakuna tena cha kuzishikilia.

Fanyia nje, nimesema. Vumbi la salfa linawasha macho na kifua, na wapulizaji wengi wanalijua hilo kwa uchungu.

Ni kweli hospitalini walikuwa wanapima mkojo kwa salfa?

Kweli. Kinaitwa kipimo cha Hay, kwa jina la daktari Matthew Hay wa Scotland, na wanafunzi wa maabara za tiba bado wanafundishwa. Salfa ikinyunyizwa kwenye mkojo wa kawaida inaelea. Kwenye mkojo wa mtu ambaye njia yake ya nyongo imeziba, inazama, kwa sababu chumvi za nyongo zimepotea njia na kuingia humo, na chumvi hizo ni sabuni ya mwili. Kazi yake halali iko kwenye utumbo. Unapokula wali wa nazi, mafuta yanafika tumboni yakiwa matone makubwa, na nyongo inayavunja kuwa madogo ili vimeng'enya vipate pa kuyashambulia. Bila nyongo sehemu kubwa ya mafuta ingepita kama ilivyoingia.

Usijipime nyumbani. Kuna mambo mengine yanayoweza kuizamisha salfa, na siku hizi vipo vipimo vya damu na vya ultrasaundi. Macho yakigeuka njano, nenda hospitali, bakuli la salfa liache kwa watoto.

Niongeze sabuni kwenye dawa ya maji ya mikorosho ili ishike?

Mwaka mmoja nilijifanya mjuaji. Niliona dawa inajikunyata juu ya majani na kudondoka, nikajiambia mimi ndiye ninayefundisha haya mambo, nikatia sabuni ya unga kwenye bomba la kupulizia. Kiasi gani? Konzi. Maua ya mikorosho minne yalibabuka, na dawa yenyewe haikukaa: ilitambaa juu ya jani, ikafika nchani, ikachuruzika yote chini. Mvutano ukishuka mno tone linapoteza umbo kabisa, halina tena cha kulifanya likae mahali. Juu ya hapo sabuni ya kufulia inaondoa nta ya jani, na nta hiyo ndiyo inayozuia jani kukauka. Mke wangu hadi leo akiona kitu kimeharibika nyumbani anauliza kama ni fizikia.

Dawa nyingi za kiwandani zina kilowanishi chake ndani, kilichopimwa. Soma lebo, muulize afisa ugani, na ukiwa karibu na Naliendele unao watafiti wa korosho mlangoni.

Mdudu anateleza juu ya dimbwi. Kwa nini mimi nisiweze?

Kwa sababu wewe ni mkubwa. Silitanii jibu hili, ndilo lenyewe, na ukilielewa umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Nguvu ya mvutano inategemea urefu wa mstari ambapo mguu unagusa maji. Uzito unategemea ujazo wa mwili. Mpunguze kiumbe mara kumi kwa urefu, upana na kimo: mzunguko wa miguu yake unapungua mara kumi, lakini uzito unapungua mara elfu. Amepata nafuu mara mia bila kufanya lolote. Ndiyo maana dunia ya wadogo si dunia yetu iliyofinywa. Kwetu uzito ndiye bwana. Kwao bwana ni uso wa maji.

Hesabu yako ni hii. Mtu wa kilo 70 angehitaji miguu yenye mzunguko unaozidi kilomita 9 ili maji yambebe kwa mvutano peke yake. Hiyo ni kama kutoka Mtwara mjini kuja hadi huku kwetu Mikindani. Mdudu yule mwenye miguu mirefu anahitaji milimita chache tu, na anazo za ziada: mwaka 2004 watafiti wa China, Xuefeng Gao na Lei Jiang, walionyesha kwamba mguu wake mmoja unaweza kubeba uzito mara 15 ya mwili wake kabla ya kuzama. Siri ni vinywele vidogo mno vinavyonasa hewa kuuzunguka mguu.

Lakini bwana huyohuyo ni mkali. Wewe ukitoka kuoga baharini unabeba maji kidogo mwilini na unaendelea na safari yako. Nzi akiloa amebeba mzigo unaomzidi uzito, na akiangukia chai hatoki. Mtazame vizuri siku hiyo kabla hujamwaga kikombe. Anapigana na uso wa chai, kina cha kikombe hakimhusu.

Wadudu hao wapo baharini pia?

Wapo. Kundi linaloitwa Halobates. Wadudu wapo karibu kila mahali duniani, lakini bahari kuu imewashinda karibu wote isipokuwa hawa: spishi tano tu ndizo huishi mbali na nchi kavu, na Bahari ya Hindi ni sehemu ya makazi yao. Wana urefu wa milimita tano hivi, hawana mabawa, hawapigi mbizi. Wanazaliwa, wanakula na kufa juu ya ule mpaka wa maji na hewa. Shida yao ni pa kutagia, maana yai halielei vizuri peke yake, kwa hiyo wanatumia chochote kinachoelea: unyoya, kipande cha mti, na siku hizi plastiki zetu. Wengine wa jamii hiyo hukaa karibu na pwani na kwenye mikoko.

Kumwaga mafuta ya taa kwenye dimbwi kunaua viluwiluwi vya mbu?

Kunaua. Kiluwiluwi wa mbu anaishi majini lakini anavuta hewa ya juu. Yule wa mbu aina ya Culex ananing'inia kichwa chini, mrija wake wa kupumulia ukiwa umeshika uso wa maji. Yule wa Anopheles, mbu wa malaria, analala sambamba na uso, ameshikiliwa na vinywele vyenye umbo la kiganja. Namna hiyo ya kulala ndiyo tuliyowafundisha watoto kuwatofautisha nayo. Wote wawili wanategemea mvutano kama nguo inavyotegemea kamba. Tandaza mafuta, mrija unazibwa na uso unalegea, kiluwiluwi hapati hewa. Kwenye ujenzi wa mfereji wa Panama, kati ya 1904 na 1914, vikosi vya William Gorgas vilipaka mafuta madimbwi mengi kwa njia hii.

Je, ufanye hivyo? Kwenye shimo la choo, sawa. Kwenye maji yanayonywewa na mbuzi au yenye samaki, usifanye. Fukia dimbwi, funika pipa, toboa vifuu vilivyotupwa. Na vipo viuadudu vya kibaiolojia, hata Kibaha kuna kiwanda chake, ambavyo vinawaua viluwiluwi na kumwacha samaki.

Utambi wa kibatari unavutaje mafuta kwenda juu?

Mafuta yanapenda kushika nyuzi za pamba, na uso wake unavuta yaliyobaki nyuma yake. Nafasi ikiwa nyembamba zaidi, yanapanda juu zaidi. Pindo la kanga likigusa beseni ni habari ileile.

Basi na miti inanyonya maji kama utambi?

Walimu wengi husema ndiyo, na mimi nilisema hivyo miaka yangu ya kwanza. Piga hesabu kwanza. Mirija ya zailemu, ile inayopitisha maji ndani ya mti, ina nusukipenyo cha mikromita makumi. Mrija wa mikromita 20 unapandisha maji sentimita 73 tu. Mnazi wa mita ishirini ungekauka kileleni.

Kazi inafanywa juu, kwenye majani. Kuta za seli za jani zina vitundu vyembamba mno, vya nanomita chache, na katika kila kitundu uso wa maji umejipinda. Jua linapokausha maji, uso huo unajipinda zaidi na kuvuta, na kwa kuwa molekuli zinashikana mlolongo mzima unavutwa kutoka mizizini. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walitoa maelezo hayo, na wengi walicheka: maji yavutwe kama kamba?

Nenda kwenye mikoko ya ghuba ya Mnazi, au ile ya mlango wa Ruvuma, ukaone ukali wake. Maji ya chumvi yenyewe yanavuta maji kutoka kwenye mzizi kwa nguvu inayokaribia mara 25 ya shinikizo la hewa. Mkoko usipovuta zaidi ya hapo, bahari itaunyonya. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walipima utomvu wa mimea na kukuta kwenye mikoko mvuto wa kati ya mara 30 na 60 ya shinikizo la hewa. Mkoko unakunywa bahari kwa kuichuja, na anayevuta ni uso wa maji ndani ya vitundu vya jani. Mchu una ufundi wa ziada: chumvi iliyopenya inatolewa kupitia majani. Lamba jani lake siku ya jua, utaionja.

Kwenye mapafu kuna maji? Si ni hewa?

Ni hewa, lakini imezungukwa na umaji. Mapafu yana viribahewa mamia ya milioni, kila kimoja na upana wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, na kila kimoja kimepakwa umaji mwembamba ndani. Oksijeni inapitia hapo. Sasa kumbuka uso wa maji unataka kujibana. Kiribahewa ni kipovu, na kipovu kinataka kufunga.

Laplace alituachia kanuni yake tangu 1806: shinikizo ndani ya kipovu cha namna hii ni mvutano mara mbili ukigawanywa kwa nusukipenyo. Ingekuwa maji matupu, kiribahewa kingehitaji shinikizo linalokaribia sentimita 15 za maji ili kisifunge. Kila pumzi ingekuwa kama kupuliza puto jipya, mamilioni yake kwa pamoja. Baya zaidi, kipovu kidogo kina shinikizo kubwa kuliko kipovu kikubwa. Unganisha vipovu viwili vya sabuni kwa mrija: darasa zima litasema kikubwa kitajaza kidogo, kumbe kidogo ndicho kinachojimwaga ndani ya kikubwa na kutoweka. Mapafu ya maji matupu yangebaki na vifuko vichache vikubwa, na vingine vyote vimelala.

Mwili umelitatua hilo kwa sabuni yake, inayoitwa safaktanti. Seli maalumu ukutani mwa viribahewa huitengeneza. Sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni mafuta, na iliyobaki protini. Uzuri wake uko hapa: unapotoa pumzi na kiribahewa kusinyaa, molekuli za safaktanti zinabanana na mvutano unashuka karibu na sifuri. Unapovuta pumzi zinaachana na mvutano unapanda tena. Hivyo vidogo havijimwagi kwenye vikubwa.

Kurt von Neergaard aliligusa jambo hili mwaka 1929. Alijaza mapafu ya mnyama kwa kimiminika badala ya hewa na kukuta yanapanuka kwa urahisi zaidi, maana uso wa kuvutana na hewa ulikuwa haupo. Hakusikilizwa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mtoto njiti anashindwa kupumua kwa sababu hiyo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Seli zile zinaanza kazi kwenye miezi ya mwisho ya mimba, na kwa watoto wengi safaktanti inatosha kufikia wiki ya 35 hivi. Anayezaliwa wiki ya 28 au 30 anakuja na mapafu ambayo hayajakomaa na hayana sabuni ya kutosha. Anavuta pumzi ya kwanza kwa shida, viribahewa vinafunga, anaanza upya. Kila pumzi ni ya kwanza. Utamwona mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, anaguna akitoa hewa. Kule kuguna si kulia. Anajaribu kuzuia hewa isitoke yote ili vifuko visifunge.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Boston ndio walioonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa tatizo hili yalikosa kitu kinacholegeza mvutano. John Clements alikuwa tayari ameonyesha, miaka miwili nyuma, kwamba mapafu ya kawaida yana kitu hicho. Lakini tiba ilichelewa. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano hivi kabla ya wakati na akafa kwa ugonjwa huu baada ya siku mbili, mbele ya madaktari bora waliokuwapo. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kwamba sindano ya steroidi kwa mama kabla ya kujifungua inayaharakisha mapafu ya mtoto. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alitangaza kwamba amewatia watoto safaktanti moja kwa moja mapafuni, nao wakapata nafuu.

Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 31. Mama yake aliwahi kuchomwa ile sindano kabla uchungu haujakolea, na hilo nalihesabu. Mtoto alikaa siku nne kwenye mashine ya kusukuma hewa puani. Neno mashine linatisha, kumbe nilichokiona ni mpira mwembamba puani, na mwisho wa mpira mwingine umezamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita tano. Kina hicho cha maji ndicho shinikizo linalozuia viribahewa kufunga. Chupa ilikuwa ikitoa vipovu, buku, buku, buku, usiku kucha. Nesi alinikuta nimeiinamia akaniuliza, "Babu, unatafuta nini humo?" Nikamwambia nahesabu. Siku ya tano walimtoa, mama yake akambeba kifuani ngozi kwa ngozi, kangaroo kama wanavyosema wodini.

Mjamzito akihisi uchungu kabla ya wakati, awahi kituo cha afya. Sindano ile inataka saa kadhaa kufanya kazi, na ikipatikana siku nzima kabla ni bora zaidi.

Mtu ameokolewa baharini, anaongea, anacheka. Kuna haja ya hospitali?

Ipo, hasa kama anakohoa au anahema. Maji yaliyoingia mapafuni, ya chumvi au baridi, yanaharibu safaktanti, na shida inaweza kuonekana saa kadhaa baadaye. Msimwache alale peke yake.

Kwa nini tui linakatika jikoni?

Tui ni matone ya mafuta ndani ya maji, na kila tone limevikwa protini za nazi zinazofanya kazi ya sabuni. Moto ukiwa mkali protini zinaharibika, matone yanavuana nguo na kuungana, maana mafuta na maji nayo yana mvutano kati yao na yanataka kugusana kidogo iwezekanavyo. Mafuta yanapanda juu, mchuzi unabaki na madonge. Bibi zetu walisema koroga hadi lichemke na usiache moto ukurupuke, na walisema kweli. Walisema pia koroga upande mmoja tu. Nimejaribu pande zote mbili, tui halikujua tofauti. Anayepika mafuta ya nazi anataka lilelile analoliogopa mpika mchuzi: tui likatike.

Naweza kupima mvutano nyumbani bila maabara?

Unaweza, na una mtangulizi. Agnes Pockels alikuwa binti wa Ujerumani aliyeachiwa kazi za nyumbani, chuo kikuu hakikumpokea kwa kuwa mwanamke. Jikoni, kwenye maji ya kuoshea vyombo, aliona jinsi grisi inavyobadilisha uso wa maji, akatengeneza kibeseni cha bati chenye kipande cha kusogeza juu ya maji, akawa anapima. Alimwandikia barua Lord Rayleigh, na mwaka 1891 Rayleigh akaipeleka ikachapwa kwenye jarida la Nature. Kibeseni cha aina hiyo ndicho Clements alichotumia baadaye kupima umaji wa mapafu.

Wewe chukua bomba la sindano jipya, toa sindano, vuta mililita moja ya maji ya kisima. Likamate wima, sukuma polepole mno, hesabu matone hadi liishe. Andika. Suuza vizuri, fanya hivyohivyo kwa maji yenye sabuni. Matone yatakuwa mengi zaidi na madogo, kwa sababu tone linaning'inia mdomoni mwa bomba kwa nguvu ya mvutano, na mvutano ukiwa mdogo tone linakatika kabla halijanenepa. Rudia mara tano kila kimiminika, kisha chukua wastani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea jedwali lenye maji ya mvua, maji ya bahari, dafu, mafuta ya alizeti na supu ya pweza. Supu ilikuwa na matone mengi kuliko maji, jambo nililolitarajia kwa sababu ya protini na mafuta. Dafu lilimchanganya, hesabu yake ilipanda na kushuka kila aliporudia. Nikamuuliza bomba alilisuuza kwa nini baada ya supu. Akaangalia chini, akasema, "Nililipuliza tu, Mwalimu."